Siku Nilipomfuata Parmuat

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni Jumatano moja ya jua kali, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Mashuuru, na nilikuwa nikisoma riwaya ya kijana mmoja asiyetulia, jina lake Parmuat. Aliacha chuo, akaacha kwao, wala hakuaga mtu. Nikamshangilia. Huyu ndiye mwanamume, nikasema. Basi wakati wa mapumziko nikaweka chaki mezani, nikachukua begi langu na kupanda gari la Kitengela. Watoto walikuwa uwanjani wakicheza. Sikuwaambia neno.

Kitengela nilifikia kwa nyanya yangu, koko, aliyemzaa mama. Hakujua kusoma. Aliona siachi kile kitabu hata wakati wa chai, akaniomba nimhadithie. Nikamhadithia kwa majivuno, kama aliyetoroka ni mimi, na kweli nilikuwa mimi. Koko alichambua sukuma wiki yake huku akinisikiliza. Kisha akauliza:

"Na hao aliowaacha, waliamkaje kesho yake?"

Nikamwambia kitabu hakisemi, kinamfuata Parmuat tu.

"Basi sema wewe. Watoto wako waliamkaje?"

Nami sikuwa nimemwambia kwamba nimeacha kazi. Wazee hawa! Akauliza hadithi inaishaje. Nikakiri sijafika mwisho.

"Umemfuata mtu njiani, na hujui anakokwenda," akasema, akarudia mboga zake.

Siku tatu nilimsomea sehemu iliyobaki, nikimtafsiria kwa Kimaasai. Parmuat yule niliyempenda akaanza kuniudhi. Kila mji alioingia aliulaumu mji. Kila rafiki alimwona kama pingu. Aliporudi kwao hatimaye, alimkuta mama yake amezoea kupika chakula cha mtu mmoja. Hapo koko akalia. Mimi nilikifunga kitabu kwa hasira, na hasira ile haikuwa kwa Parmuat, ilikuwa kwangu mwenyewe.

Jumatatu nikarudi Mashuuru. Mwalimu mkuu alisema atanipokea, ila kwanza niwaombe watoto msamaha mbele ya shule nzima. Nilikuwa nimeshaamua. Nikaomba. Msichana mmoja akauliza kama kesho pia nitakuja. Nikamwambia nitakuja. Nikaenda, mwanangu, miaka thelathini na minne.

Juzi nimekisoma tena kitabu kile. Simshangilii Parmuat, wala simchukii. Namwona kijana mwenye hofu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anatafuta nini. Akipita hapa Kitengela ninakoishi sasa, nitamkaribisha chai, nimuulize. Labda ni kitabu kile kile, macho ndiyo yamezeeka.

Kwa hivyo nakuambia wazi, wewe unayeona kwenu kumekubana. Moyo usiotulia si dhambi, hata mimi bado niko nao. Ukitaka kwenda, nenda, lakini aga. Kabla hujamfuata mtu, wa kitabuni au wa kwenye simu yako, ngoja ujue mwisho wake. Na ukikosea, rudi mchana watu wakikuona. Kujikwaa si kuanguka.

Enkai, Mungu wetu, akutangulie. Akupe miguu ya kwenda mbali, na uso wa kurudi kwa watu wako bila kuinama.