Ubavu Usiotaka Kuguswa

Vipele vilipokauka, kila mtu nyumbani alidhani nimepona. Mkanda wa jeshi ulikuwa umenishika ubavu wa kulia, kuanzia mgongoni hadi chini ya ziwa, na kila asubuhi mama mkwe wangu alinifunua aone kama ncha zake mbili zimekaribiana. Kwetu Bagamoyo wapo wanaoamini kwamba zikikutana, mtu hana maisha tena. Hazikukutana. Nilipima na damu, maana nilijua watu wangesema ni Ukimwi. Majibu yakawa mazuri, nikamshukuru Mungu.

Kumbe ngozi ilikuwa imepona juu tu. Asubuhi moja nilivaa dera nikaruka kama niliyemwagiwa maji ya moto. Nikalivua, nikalikung'uta nikitafuta siafu. Hapakuwa na siafu. Kitambaa chenyewe ndicho kilichoniunguza. La ajabu, nikipabonyeza kwa kidole palikuwa na ganzi, lakini upepo wa feni tu au upindo wa kanga ulinichoma hadi machozi.

"Mbona pamekauka vizuri?" mume wangu aliuliza, akiinama kuangalia. "Hapana kitu."

"Najua hapana kitu. Ndiyo maana naogopa."

Mama mkwe aliniandikishia kombe kwa shehe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, nikanywa. Moyoni niliwaza huenda ni kichwa changu kinachoharibika, nikaacha kulizungumza. Nikawa nakaa sebuleni nimeinua nguo kwa mkono isiniguse, na mgeni akibisha hodi, nakimbilia chumbani.

Hofu ilizidi binti yangu alipokuja kutoka Vigwaza kujifungua kwetu, mimba yake ya kwanza. "Shikamoo mama," alisema, na kabla sijaitikia akanikumbatia. Nilimsukuma. Alibaki amesimama na begi lake.

"Mama, nimekukosea nini?"

Hapo nikamweleza yote. Hakucheka. Alisema, "Kesho naenda kliniki. Twende wote."

Daktari alichukua kipande cha pamba akanipitishia ubavuni. Nilimshika mkono kwa nguvu bila kukusudia.

"Huna wazimu, mama," alisema. "Ule ugonjwa umeumiza mishipa ya fahamu. Mshipa ulioumia hupeleka habari za uongo: nguo inakugusa, wenyewe unasema moto."

"Itaisha lini?"

"Kwa wengine huisha. Wengine hubaki nayo. Siwezi kukuahidi."

Alinipa vidonge vya usiku vilivyonilevya usingizi. Maumivu yalipungua kidogo, lakini maneno yake ya mwisho niliyabeba hadi nyumbani. Nitambebaje mtoto? Nitamkandaje mzazi?

Mtoto wa kiume alizaliwa salama. Kazi ya kumkanda binti yangu aliichukua mama mkwe, na mimi nikawa nachemsha maji na kupika uji. Nilipopewa mjukuu, nilimlaza upande wa kushoto, nimekakamaa kama mtu aliyebeba yai. Alirusha mguu, kisigino kikanipata penyewe. Sikumwachia. Jirani aliyekuja kumwona mtoto aliyaona machozi akasema, "Furaha hiyo!" Binti yangu peke yake alijua, akasogea akakishika kile kisigino kwa kiganja chake.

Sasa mjukuu anatembea. Siku nyingi navaa dera kama watu wengine. Ila kuna siku moto unarudi bila kuaga, nami huketi kitandani, nguo nimeishika mbali na mwili, nikisubiri kujua kama safari hii utaondoka.