Alama Kwenye Bawa la Shaba

Nilikuwa nimezungusha mipini ya mashine ya kuchonga chuma miaka mingi kabla ya kuambiwa nijifunze upya. Karakana yetu iko upande wa viwanda hapa Thika, mahali ninapofika kwa miguu kutoka nyumbani Makongeni. Tunatengeneza vipuri: gia za mashine za kahawa, shafti, bushi, chochote kinachovunjika kiwandani au shambani na mwenyewe hataki kungoja kiletwe kutoka ng'ambo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mpini huu, mwingine kwenye ule, na sikio likisikiliza. Chuma kikilia vibaya, nilipunguza mwendo. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu, na ilinilelea watoto.

Kisha mwenye karakana akanunua mashine ambayo haikuwa na mpini hata mmoja. Kisu chake kilikwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, kama cha mashine yangu. Tofauti ni kwamba meza inayoshika chuma nayo iliweza kuinama na kuzunguka, yote hayo kwa wakati mmoja, ikifuata programu iliyoandikwa kwenye kompyuta. Mihimili mitano, waliita. Pamoja na mashine alikuja mwanamke kijana, rika la kifungua mimba wangu, aliyesomea kazi hiyo chuoni na kuifanya kwingine kabla ya kuja kwetu. Siku za kwanza tulimsalimia tu kwa mbali. Alikuwa akifunga mlango wa mashine, anabonyeza, anasimama ameweka mikono mgongoni, na baada ya muda anatoa kitu ambacho mimi nisingeweza kukichonga hata kwa mwezi.

Yule kijana alipopata mimba, mwenye karakana aliniita ofisini, nikamkuta naye ameketi hapo.

"Akienda likizo ya uzazi, hii mashine haiwezi kulala," mwenye karakana alisema. "Nimemuuliza nani afundishwe, amekutaja wewe."

Nilimgeukia yule kijana. "Mimi? Kompyuta yenyewe naiogopa."

"Unasikia chuma," alisema. "Hayo mengine nitakuonyesha, mzee wangu."

Basi nikawa mwanafunzi. Nilinunua miwani ya kusomea. Kipanya cha kompyuta nilikishika kama mpini wa mashine, nikikikaza mpaka kidole kikaniuma, naye akaniambia taratibu, "Legeza, hakitatoroka." Alinionyesha jinsi ya kuchora njia ya kisu: kiingie wapi, kipande vipi, kiinamie upande gani, kitoke wapi. Kabla ya kugusa chuma tulijaribu kwanza kwenye skrini, halafu kwenye vipande vya mbao ya saipresi alivyookota kwa fundi wa viti jirani yetu. Karakana yote ilinukia mbao mbichi wiki hizo, na wenzangu wakawa wanatuuliza kama tumeanza kutengeneza meza.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuchoka nami. Nilimuuliza swali lile lile asubuhi na tena jioni, na jioni alilijibu kana kwamba ni jipya. Tumbo lilipokua hakuweza tena kuinama ndani ya mashine, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kuniongoza kwa mdomo. "Gusa hapo. Pananyooka? Sasa pitisha kidole upande ule mwingine." Nikawa mikono yake. Nilizoea kumwita mwalimu, kwanza kwa mzaha, na baadaye bila mzaha wowote.

Alipoondoka, nilibaki na kazi ndogo ndogo alizokuwa amenipangia, na zote zilitoka vizuri. Halafu ikaja kazi ya pangaboi.

Shamba moja la maua lilikuwa na pampu ya kuvuta maji ya kumwagilia, na pangaboi lake la ndani lilikuwa limeliwa na mchanga. Ni gurudumu la shaba lenye mabawa yaliyopinda kama majani ya mgomba yakisukumwa na upepo, na kati ya bawa na bawa nafasi ni finyu. Mashine ile ilinunuliwa kwa kazi ya namna hiyo hasa. Nilikaa na mchoro, nikaandika programu, nikaiangalia kwenye skrini ikapita bila tatizo. Nikachonga la saipresi.

Kila bawa lilikuwa na alama, pale juu karibu na ukingo. Alama fupi, kama mtu amebonyeza kwa ukucha. Ukipitisha kidole, kidole kinajikwaa. Kwenye pampu, maji nayo yangejikwaa hapo, na shaba ingeanza kuliwa tena kuanzia hapo hapo.

Nilidhani ni kisu kimechakaa. Nikaweka kipya, alama ikarudi. Nikakaza vishikio upya, nikapunguza mwendo, nikabadilisha kipande cha mbao, na alama ilikuwa pale pale, kwenye kila bawa. Nikaanza kuota mabawa. Mwenye karakana hakunigombeza. Alisimama kando yangu, akapitisha kidole chake, akasema, "Wale watu wa maua wanasubiri. Tukishindwa tuwaambie mapema watafute kwingine." Alikuwa na haki, na upole wake uliniuma kuliko kama angefoka.

Ungeniuliza kwa nini sikumpigia simu mwalimu. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mke wangu, aliyekuwa akipata habari za nyumba ile kuliko mimi, alikuwa amesikia kwamba mtoto halali. Sikuona nitaanzaje kumwambia mama aliye katika hali hiyo habari za alama ya ukucha kwenye ubao.

Jumamosi ile mke wangu alisema twende tukaone mtoto. Alikuwa amefunga njahi, yale maharage meusi ya kumpikia mama aliyejifungua, ndizi, na nepi. Tukiwa mlangoni alinikazia macho.

"Tunaenda kuona mtoto. Ukitaja mashine, nakuacha huko huko Ruiru."

"Sitataja."

"Hata ukiulizwa."

"Hata nikiulizwa."

Mwalimu wangu na mume wake walikuwa wamepanga nyumba ya ghorofani huko Gatongora, Ruiru. Mume alikuwa kazini. Mama mzazi wa mwalimu ndiye aliyetufungulia, mwanamke mrefu mwenye leso kiunoni, aliyekuwa amekuja kumlea binti yake mpaka apate nguvu. Tulinawa mikono, tukaketi, tukapewa mtoto. Nilimshika kwa namna ninavyoshika kitu nisichojua uzito wake. Mke wangu akamchukua haraka, akaomba, tukasema amina. Kisha wanawake wakazungumza juu ya maziwa na usingizi na kitovu, nami nikainamia uji niliopewa.

Mwalimu alikuwa amekonda usoni. Alijibu kila alichoulizwa, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Ghafla akanigeukia.

"Mzee, una kitu."

"Hakuna," nilisema.

"Mwenye karakana aliniambia kuna pangaboi. Limekataa?"

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dirishani, na ninamshukuru hadi leo kwa kutazama dirishani.

"Lina alama," nilisema. "Lakini pumzika kwanza. Hatukuja kwa hayo."

"Nionyeshe."

Nikatoa simu yenye picha. Alijisogeza polepole kwa sababu ya mshono, akakuza picha kwa vidole, na nikaona macho yake yakibadilika. Mama yake alianza kusema kwamba daktari alikataza mawazo mengi. Yeye akajibu bila kuinua kichwa, "Mami, tangu nizae hakuna mtu ameniuliza swali lenye jibu. Wacha niulizwe hili moja."

Mama yake akarudi jikoni.

"Kisu kikifika hapo, meza inafanya nini?" aliniuliza.

Wiki nzima nilikuwa nimekodolea macho kisu. Kwenye mashine yangu ya zamani kisu ndicho cha kuangaliwa, meza haina maneno. Nikafumba macho nikajaribu kusikia badala ya kuona, na hapo nikaikumbuka ile sauti, mvumo mfupi wa kitu kinachogeuka kwa haraka, ambao nilikuwa nimeusikia kila mara nikadhani ni pampu ya maji ya kupozea.

"Inazunguka," nilisema. "Ghafla. Kama imeshtuka."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike. Akaomba avokado, sahani na kalamu.

Alisimamisha avokado kwenye sahani, upande mnene chini, akampa mke wangu kazi ya kuzungusha sahani. Yeye akashika kalamu. Kalamu ilikuwa kisu, sahani ilikuwa meza. "Sheria ni hii," alisema. "Mimi siwezi kuinamisha kalamu kushoto wala kulia, naiinamisha upande wangu tu. Nikitaka kufika upande mwingine wa avokado, wewe lazima unizungushie." Akaanza chini, kalamu ikiegemea ganda, akapanda. Mke wangu akazungusha kidogo kidogo, kazi rahisi. Alipokaribia kileleni, kalamu ikawa imesimama wima kabisa.

"Sasa nataka kushuka upande wa pili, palepale, bila kusimama. Zungusha."

Mke wangu akazungusha sahani nusu mzunguko kwa mkupuo, avokado likayumba, na kalamu ikachora mstari mweusi kwenye ganda.

"Hiyo ndiyo alama yako," mwalimu aliniambia. "Kisu kikiwa wima, meza haijui ielekee wapi. Ukivuka kidogo tu inalazimika kugeuka yote, kisu kinaisubiri hapo hapo, kinakula."

"Kumbe inachanganyikiwa," mke wangu alisema.

"Kabisa. Kwa hivyo usiipitishe kileleni. Kiweke kisu kikiwa kimeinama kidogo muda wote, kizunguke kilele kwa pembeni. Meza itapata nafasi ya kugeuka polepole."

Tulirudia mara kadhaa, hata mama yake akaja kuzungusha sahani na kusema sasa ameona binti yake alikuwa akisomea nini miaka yote hiyo. Mtoto aliamka, akanyonya, akalala. Tuliondoka jua likiwa bado juu. Kwenye ngazi nilimngoja mke wangu aseme neno, na alichosema ni, "Yule msichana alikuwa na njaa ya kuongea."

Jumatatu nilibadilisha programu. Nilikiambia kisu kisisimame wima popote, na alama ikatoweka. Lakini mambo hayakuishia hapo. Kwa kuwa kisu sasa kilikuwa kimeinama, shingo nene inayokishika ilisogea karibu na bawa la jirani, na skrini ikanionyesha wekundu mahali ambapo vingegusana. Nilichukua simu nimpigie, nikairudisha mfukoni. Hilo nililijua. Nimechonga ndani ya matundu finyu maisha yangu yote. Nilitafuta kisu kirefu zaidi, chembamba kuelekea nchani, shingo ikabaki juu mbali na mabawa. Kisu kirefu hutetemeka, kwa hivyo nikakipunguzia mwendo na kukifanya kikate kidogo kidogo. Saipresi ikatoka safi. Nikafunga shaba.

Sikukaa chini siku hiyo. Nilisimama mbele ya kioo cha mlango maji meupe yakirukaruka, na kila mara meza ilipokaribia pale pabaya nilisikiliza. Iligeuka kwa utulivu, kama mtu anayejigeuza kitandani bila kumwamsha mwenzake. Pangaboi lilipotoka nililiosha, nikalifuta, nikapitisha kidole kwenye kila bawa. Mwenye karakana akapitisha chake. Akanishika bega, akaenda kuwapigia simu watu wa maua.

Nilimtumia mwalimu picha, na maelezo ya kile kisu kirefu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, mtoto akilia nyuma yake. "Hapo kwa kisu umenipita. Mimi ningejaribu kupunguza mwinamo, na alama ingerudi." Niliisikiliza sauti hiyo nikiwa nimesimama kwenye geti, watu wakitoka kazini wakinipita. Nikamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kisha nikaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo hadi aliporudi nilimpelekea maswali yangu, si kila siku, lakini sikuyaficha tena. Mengine alinijibu mara moja, mengine baada ya siku, na nilijua siku ya ukimya ni siku ngumu kwake. Mke wangu naye alikuwa akienda Gatongora mara kwa mara, bila mimi, kumshikia mtoto ili mwalimu apate kulala.

Mwalimu aliporudi kazini nilikuwa nimepangusa kiti cha mbele ya kompyuta nikaondoka hapo. Alikitazama, akaenda kuleta kingine, akakiweka kando.

"Kaa," alisema. "Kuna kazi ya kalibu ya kuundia chupa imeingia. Pembe zake sizielewi."

Nikavaa miwani. Alifungua mchoro, na tukaanza kubishana kisu kiingilie wapi.