Unga Hasi wa Shangazi Daforoza

Siku niliyosimama mbele ya watahini bado naikumbuka, mwanangu, na nimeanza kukusimulia kwa sababu nasikia wenzako wanakucheka. Wanasema mtu anayesoma uchumi na hisabati kwa pamoja hapa Bujumbura hajui anachotaka. Mimi pia niliambiwa hivyo. Wa uchumi waliniita roboti, wa hisabati wakaniita mchuuzi. Mchana nilikula peke yangu, nikazoea.

Kitabu changu cha kumaliza masomo kilihusu unga wa muhogo unaotoka Kongo. Nilitaka kujua wauzaji wetu wanafanya nini mvua ikinyesha na barabara ya Gatumba inayouleta ikazama majini. Nikatunga mlinganyo mzuri, nikaupenda kama mtu anavyompenda mtoto wa kwanza. Kasoro ilikuwa moja tu: maji yakizidi sana, mlinganyo ulisema muuzaji anauza unga pungufu ya sifuri.

Rafiki yangu Floride alipouona ukurasa ule alishika kichwa.

«We, futa hiyo. Watakuangusha.»

«Hesabu iko sawa, Floride. Nimeirudia hadi nimechoka.»

«Iko sawa, lakini ni ya wazimu. Futa.»

Sikufuta. Usidhani nilikuwa jasiri. Usingizi ulinikimbia wiki nzima. Baba alikuwa amekwisha kusema kwamba nikianguka nitaenda kusomea upishi kwa masista, na wewe umekula chakula changu, unajua masista wangepata hasara gani.

Siku ya kutetea kitabu, ukoo mzima ulijaa ukumbini, pamoja na mapadri wawili wa parokia yetu. Nyuma kabisa aliketi shangazi yangu Daforoza, muuza unga wa mtaa wa Mutakura, amevaa kitenge cha harusi. Kifaransa hakujua, ila maneno mawili matatu ya sokoni. Alikuja kunipigia makofi tu.

Mwalimu wa uchumi akafungua ukurasa ule ule. Akavua miwani.

«Binti, umewahi kumwona mtu anauza unga pungufu ya sifuri?»

Ukumbi ukacheka. Kabla sijajibu, mwalimu wa hisabati akadakia kwamba hesabu aliikagua mwenyewe na haina kosa. Mwenzake akamuuliza kama angependa ugali wa unga huo. Yeye akajibu kwamba wanauchumi wamezoea kula visivyothibitishwa. Basi wakaanza kugombana, wazee wale wawili, kwa Kifaransa safi, na mimi nimesimama na chaki yangu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikatazama kule nyuma kutafuta uso wa kunipa moyo, nikamwona shangazi. Nikakumbuka masika yaliyopita. Barabara ilipofungwa hakuwa na cha kuuza, na watoto wake walitaka kula kama kawaida. Basi alikwenda kununua unga kwa jirani yake, akinung'unika njia nzima.

«Waalimu wangu,» nikasema kwa Kifaransa, «hesabu ni ya kweli na soko ni la kweli. Anayeuza pungufu ya sifuri ni mnunuzi. Shangazi yangu yule pale, maji yakijaa Gatumba, unga ananunua. Hiyo alama ya kutoa ni yeye.»

Nikamnyooshea kidole. Ukumbi mzima ukageuka.

Sasa shangazi, katika maneno yote yale, alikuwa amesikia «unga» na «shangazi» tu. Akaona wale mapadri wawili, waalimu na wakwe zake wanamtazama. Akasimama, akakaza kitenge.

«Unga yangu ni safi,» akasema kwa Kiswahili. «Nachekechaka mi mwenyewe. Mwenye kusema iko na muchanga aje hapa.»

Mwalimu wa hisabati, ambaye hatukuwahi kuona meno yake, alicheka mpaka akaegemea ubao, koti likajaa chaki. Yule wa uchumi akaniuliza kwa nini sikuyaandika hayo kitabuni.

«Nimeyajua sasa hivi,» nikajibu.

Akafuta macho. Wakanipitisha kwa alama nzuri, kwa sharti kwamba niyaandike. Shangazi hakusema nami hadi Pasaka. Baba alimweleza mara nyingi, lakini kila mara alirudia swali lile lile: kama alisifiwa, kwa nini watu walicheka?

Kwa hiyo, mwanangu, usiache somo hata moja. Siku hesabu itakapokuambia jambo na soko likakuambia jingine, usifute upande mmoja ili upande wa pili ufurahi. Subiri katikati, hata ukichekwa, umtafute mtu ambaye yote mawili yanamhusu. Na ukimpata, mweleze kwa lugha yake kabla ya kumnyooshea kidole mbele ya mapadri.

Mungu akupe kichwa chepesi na moyo mtulivu, akupe waalimu wenye kucheka, na nyumbani kwako unga usipungue, barabara iwe kavu au imejaa maji.