Siku Baba Aliponinyoa

Mjukuu wangu, siku tuliyomzika Mwalimu Lazaro naikumbuka kwa baridi yake. Ilikuwa kipupwe, enzi za Mwingereza, na ukungu wa kijiji chetu cha Igamba ulikuwa haujaondoka ingawa jua lilikwisha kupanda. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekaribia kuolewa. Usicheke, hata mimi niliwahi kuwa msichana.

Mwalimu Lazaro alitufundisha hesabu katika shule ya misheni. Alitoka Nyasa, ng'ambo ya mpaka, akaja peke yake, na miaka yote aliyokaa kwetu hakuoa wala hakupata mtoto. Watu walisema yao, kama kawaida ya watu.

Alikuwa mpole sana. Fimbo alikuwa nayo, ila aliitumia kuchorea pembetatu mavumbini. Ukikosea hakukutukana, alikuomba umwoneshe njia uliyopita, mkarudi pamoja mpaka pale ulipopotea. Msimu wa kahawa wazazi walituzuia nyumbani, wasichana hasa, maana kahawa ikiiva haimsubiri mtu. Mwalimu mwingine angefurahi kupumzika. Yeye alitufuata shambani. Alijifunga kikapu kiunoni, akachuma nasi huku akituuliza hesabu za kichwa, na jioni alikimimina kikapu chake katika lundo la mwenye shamba. Baba yangu, mtu mkali aliyesema kwamba msichana na hesabu ni maji na mafuta, alimwacha aendelee. Angemfukuzaje mtu anayemchumia kahawa bure? Ndivyo nilivyobaki shuleni.

Kisha kichomi kikamshika, na kabla ndugu zake wa Nyasa hawajapata habari, akafariki. Niliumia, mwanangu. Ninaumia hata sasa ninapokusimulia.

Ujue desturi yetu ya siku zile. Aliyeacha watoto alikaliwa matanga: watoto walinyolewa nywele, moto ukawashwa uani, na watu wakalala hapo kumlilia. Asiye na mtoto alizikwa, watu wakanawa mikono, wakaenda zao. Basi kaburi lilipokwisha kufukiwa, wazee wakaanza kuulizia maji ya kunawa. Sisi wanafunzi wake tulikuwa tukilia kwa sauti, na mimi nikiwashinda wote.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, akanishika mkono. "Unamlilia nani?"

"Mwalimu wangu, shangazi."

"Machozi hata mpita njia anayo. Mtu wa watu anaondoka kama asiyezaa, na ninyi mmejaa hapa kama siafu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliowalea wako wapi?"

Nilifahamu alichotaka, nikaogopa. Kwetu mtoto hamnyolei mtu mwingine nywele zake kana kwamba ni baba yake, ilhali baba mwenyewe yu hai. Kufanya hivyo ni kumtabiria mzazi wako kifo mbele ya watu. Ningeweza kufukuzwa nyumbani, na nani angemwoa msichana wa namna hiyo? Lakini niliona mzee mmoja ameanza kunawa, nikajua kwamba nikichelewa kidogo tu, Mwalimu atakuwa amekwenda bila mtu.

Nilipiga magoti mbele ya baba, pale pale kwenye udongo mbichi, nikavua kitambaa kichwani.

"Baba, naomba ruhusa nimnyolee Mwalimu."

Yule mzee akaguna, "Mtoto huyu anamzika baba yake mzima!" Nikainamisha kichwa nikingoja kofi la baba.

"Leteni wembe," baba akasema.

Shangazi aliutoa kwenye pindo la nguo yake. Kumbe alikuja nao. Baba hakumwachia mtu kazi ile. Alininyoa kwa mkono wake mwenyewe, na nilisikia machozi yake yakiniangukia kichwani. Alipomaliza akawageukia wazee.

"Huyu ni mtoto wangu, na ni mtoto wake pia. Washeni moto."

Moto ukawashwa. Wenzangu wakaja na baba zao, mmoja baada ya mwingine, na siku ile Igamba ilijaa vichwa vilivyonyolewa. Na baba yangu, aliyetabiriwa kifo, aliishi mpaka akawabeba wajukuu. Mume nami nilipata, tena mzuri, babu yako.

Mwanangu, usidhani umeshukuru kwa kuwa umelia, au kwa kuwa umesema ahsante. Shukrani isiyokugharimu chochote ni salamu tu. Aliyekufungua akili amekuzaa mara ya pili. Mtambue angali anasikia, na akitangulia, simama uhesabiwe kuwa wake, hata kama utasimama peke yako na watu wanaguna. Na wewe uwe mwepesi wa kulea watoto usiowazaa. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa yule mgeni wa Nyasa, akuzidishie miaka, na siku yako itakapofika, wasikosekane wa kukunyolea.