Tundu la Kuku la Bwana Mimi

Ukitaka kumjua Bwana Mimi, mpe nafasi ya kusema kwenye msiba wa mtu. Marehemu atapata sentensi moja, na sentensi hiyo itaanza na "mimi". Ndiyo maana tulimpa jina hilo pale kiwandani, naye akalipokea kama nishani.

Kiwanda chetu kilitengeneza karatasi. Kazi ya Bwana Mimi ilikuwa kusukuma mkokoteni wa karatasi chakavu hadi kwenye birika la kusagia. Ni kazi halali yenye jasho, na hakuna aliyemcheka kwayo. Aliyeionea haya ni yeye mwenyewe. Akishatoka getini alikuwa mara fundi, mara msaidizi wa meneja. Mfukoni mwa shati alichomeka kalamu iliyokauka wino zamani, na wakwe zake waliambiwa kwamba siku akiumwa, mashine haziwaki.

Mtu wa mashine kweli alikuwa kaka yake, wa baba mmoja na mama mmoja. Tulimwita Mlezi, kwa sababu alitunza rola la alama. Lilikuwa bomba pana na jepesi, refu kuliko mtu, lililotengenezwa kwa wavu wa waya mwembamba, na juu ya wavu ameshonwa ndege korongo. Rola lilipopita juu ya karatasi ikiwa bado mbichi, korongo alibaki humo. Ukiinua daftari kwenye mwanga, unamwona amesimama kwa mguu mmoja. Waya ukibonyea kidogo tu, korongo anatoka kilema. Kwa hiyo desturi ilikuwa kwamba mtu mmoja tu ndiye hugusa rola. Zamu ikiisha, Mlezi aliliosha, akalikausha, akalilaza kwenye kitanda chake cha mbao na kulifunika blanketi. Tulimtania kwamba mkewe hafunikwi hivyo.

Desturi hiyo ndiyo iliyomponza. Wiki kiwanda kilipofungwa, kitanda kilikutwa kitupu, rola hakuna, blanketi hakuna. Nani hugusa rola? Mlezi. Basi nani kaiba? Tulijijibu wenyewe na kurudi nyumbani. Hakushtakiwa popote, maana ushahidi haukuwapo. Aliachiwa neno tu, na neno halina rufaa. Akaanza kuziba pancha za baiskeli kando ya barabara. Akiingia nyumba yenye shughuli, vijiko vinahesabiwa. Binti yake alipoposwa, upande wa pili waliuliza, "Ni mtoto wa yule wa rola?" Posa ikaishia hapo.

Na mdogo wake? Bwana Mimi alihamia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya mkewe, akamwomba kaka yake asimtembelee. "Kaka, unajua watu," alimwambia. "Mimi nina jina la kulinda." Mlezi akaitikia. Miaka yote hiyo hakukanyaga ua ule.

Kisha wakaja watu wa makumbusho. Walifagia kiwanda, wakazipaka mashine rangi ya kijani ambayo hazikuwahi kuwa nayo, na kwenye ukumbi wakakiweka kile kitanda cha mbao kikiwa kitupu. Mkurugenzi wao, mama mmoja mpole, alitangaza kwamba wanatafuta vifaa vilivyopotea, na kila atakayeleta kitu jina lake litaandikwa kwenye bango la shaba.

Jina! Kwenye shaba! Bwana Mimi hakulala.

Siku ya ufunguzi alikuja na mkokoteni, juu yake kitu kirefu kimefunikwa shuka la maua. Aliwakataza watumishi wasikiguse. Sisi wafanyakazi wa zamani tulikaa mstari wa nyuma, na Mlezi pembeni kabisa, karibu na mlango, kama alivyozoea. Mkewe alikuwa amemlazimisha kuja. "Usipokwenda, watasema unaogopa," alimwambia.

Bwana Mimi akapanda jukwaani. "Mimi," akaanza, na mstari wetu wote ukaguna. "Mimi nilijua siku hii itakuja. Wenzangu walikuwa wakilia na kiinua mgongo, mimi nililia na historia. Nikasema hapana! Urithi huu mimi nitaulinda kwa mikono yangu!" Akavuta shuka.

Lilikuwa rola. Korongo bado alikuwepo, amepinda shingo. Ubavuni palikatwa tundu la mraba, likawekwa kimlango chenye bawaba za mpira wa baiskeli. Unyoya mweupe ulikuwa umenasa kwenye waya, na harufu ilifika hadi kwetu.

Mkurugenzi aliinama akatazama. "Na huu mlango, baba?"

"Wa hewa," alisema Bwana Mimi. "Kitu cha kale lazima kipumue."

Hapo ndipo mke wa Bwana Mimi alipoingia, kanga kichwani, vumbi la njia nzima miguuni.

"We mwanaume! Nimeamka kuku wamezagaa barabarani mpaka kwa fundi cherehani! Tundu langu umelipeleka wapi?" Akaliona. "Ehee! Umelivika na shuka langu la wageni!"

Ukumbi ulilipuka. Aliyekuwa mpishi wa kantini alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, nyamaza, hiyo ni historia!"

"Historia gani? Alilileta akauze chuma chakavu, mwenye mizani akalikataa, eti waya mtupu. Ndiyo nikafugia!"

Mlezi hakucheka. Alisimama, akaja mbele polepole, na kadiri alivyokaribia, vicheko vikapungua.

"Mdogo wangu," aliuliza, "ulilichukua lini?"

Hata mtu mwenye akili ya kuku angeusikia mtego. Bwana Mimi alisikia swali la mwandishi wa habari. Akatunisha kifua. "Wiki ileile ya kufungwa, kaka! Mimi nilikuwa wa kwanza kuona mbali!"

Hata mkewe alivuta kanga akajifunika uso.

Tulimtazama aone alichosema. Hakuona. Naapa hakuwa akijifanya. Kaka yake alikuwa amebeba wizi ule mpaka mvi zikamwota, naye hakuwahi kuuona kama mzigo, kwa kuwa haukuwa mgongoni kwake. Alikuwa akitabasamu, anasubiri makofi.

"Blanketi je?" Mlezi akauliza.

"Ah, hilo lilichakaa."

Mlezi aligeukia mstari wetu. Mpishi wa kantini ndiye aliyeinuka kwanza, akavua kofia. "Kaka, tulikukosea." Tukainuka mmoja mmoja. Ilikuwa radhi ya aibu, ya watu wanaotazama viatu vyao, lakini iliombwa mbele za watu, kama neno lile lilivyosemwa.

Mkurugenzi, ambaye alikuwa ameelewa kuliko tulivyodhani, akamwuliza Mlezi aandike nini kwenye bango.

"Andika ukweli, mama. Halafu niletewe maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Huyu ndege amechafuka."

Bango lipo hadi leo. Linasema: *Rola la alama. Liliibwa wiki ya kufungwa kwa kiwanda. Mlezi wake hakuhusika.* Chini, kwa herufi ndogo, limeandikwa jina la aliyelirudisha, kwa maana ahadi ni ahadi.

Bwana Mimi huja kila wikendi, kalamu mfukoni. Huwasimamisha wageni mbele ya kitanda na kuweka kidole kwenye mstari ule wa chini. "Mnaona?" huwaambia. "Ni mimi huyu." Wageni husoma kuanzia juu, humtazama, kisha husogea hatua moja pembeni. Yeye hudhani wanampa nafasi.