Zamu Yetu ya Maji

Binti yangu aliambiwa shuleni achague kijiji cha wakulima aeleze urithi wake, naye akachagua cha Ufaransa. Mimi ni mzaliwa wa milima ya Taita, kwenye mashamba yanayonyweshwa kwa mfereji wa mababu, na mtoto wangu ananiletea hapa Lewisville, Texas, picha za tanuri la mkate la Wafaransa.

"Kila familia ilikuwa na siku yake ya kuoka," akanisomea kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Ukikosa siku yako, unangoja wiki nzima."

Nilikuwa ndio kwanza nimetoka kazini Irving, kwenye nyumba ya wazee ninakouguza, miguu imevimba. Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia hata kwetu kulikuwa na zamu. Kila ukoo ulikuwa na siku yake ya maji, na aliyeyafungulia siku isiyo yake alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo akachinjwa palepale mferejini, wakala wote isipokuwa mwenye mbuzi. Huo si urithi?

Akanitazama kwa ule utulivu unaoniudhi kuliko ubishi. "Nilikuuliza, Mum. Karatasi iko kwenye friji."

Ilikuwepo kweli, chini ya ratiba yangu ya kazi, niliyoibandika juu yake mwenyewe. Mfereji ninaojisifia kila siku aliuandikia maswali matatu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Nani alichimba? Siku yenu ni gani? Sasa nani anasafisha? Nikakumbuka alivyonijia nayo mara tatu, na mara zote nilimwambia asubiri nipumzike. Wafaransa hawakumwambia asubiri. Wameweka kila kitu kwenye mtandao, hadi fundi aliyeziba ufa wa tanuri.

Kazi yake ya shule ilitakiwa kesho yake. Nikachukua kalamu. Siku yetu ilikuwa Alhamisi. Anayeusafisha sasa simjui, labda kaka yangu anajua. Aliyeuchimba, bibi alimjua. Tulipokuwa tukingoja maji asubuhi alikuwa akianza kunisimulia, nami namkatiza, namwambia nitachelewa shule, atanimalizia jioni. Jioni sikuuliza. Tulimzika mwaka ule ule niliokuja Texas.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Basi niwaache Wafaransa?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili.

Niliangalia lile swali la kwanza, bado tupu. Nikamwambia aendelee nao.