Mwanamke anayemtengenezea Bob udongo wa Mirihi

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu wa baharini bado umevilalia vilima vya Pasadena. Zabel Kechijian anavua viatu mlangoni, anaingia na soksi zake kwenye banda kubwa lililojaa udongo wa rangi ya kutu, kisha anapiga magoti. Anachota udongo kidogo kwa vidole vitatu, anausugua karibu na sikio, halafu anaupuliza.

Hauruki wote. Chembe chache zinabaki zimeng'ang'ania kidole gumba.

"Umekunywa ukungu," anasema, ingawa mtu mwingine angeapa kwamba ni mkavu kama jivu. Anawasha hita nne, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufungua kitambaa chenye mkate mwembamba wa lavash na jibini. "Bob hatembei kabla ya saa nne. Waambie hao wahandisi wanangu wakanywe kahawa kwanza."

Bob ni gari la magurudumu sita, kimo chake kama meza ya kulia chakula. Pacha wake, Magnolia, yuko kwenye sayari ya Mirihi, kilomita milioni mia mbili na ushee kutoka hapa. Jina la Magnolia lilipigiwa kura na watoto wa shule wa nchi nzima. Bob alipewa lake na fundi mmoja aliyekuwa na fomu ya kujaza na haraka ya kwenda nyumbani.

Magnolia akipata shida kule, Bob anatiwa kwenye shida hiyohiyo hapa, ili wahandisi wajifunze kumtoa mmoja kabla ya kumwamuru mwingine. Anayetengeneza ardhi ya kumkwamisha Bob ni Zabel.

Ana miaka 62. Alizaliwa Gyumri, Armenia, na tetemeko la mwaka 1988 lilipoubomoa mji huo, kaka yake alikaa siku mbili chini ya kifusi kabla ya kutolewa akiwa hai. Zabel aliishi miaka mitatu kwenye kibanda cha mabati, ndipo akahamia California. Kwa miaka kumi na mmoja alikanda unga katika duka la mikate la shemeji yake, Hrant, kule Glendale.

Kwenye maabara hii ya anga aliajiriwa kufagia. Siku moja aliwakuta wahandisi wakichanganya udongo wa majaribio, akashindwa kujizuia.

"Walikuwa wanamwaga kila kitu kwa pamoja, kama watu wanaolisha ng'ombe," anakumbuka, akicheka. "Nikawaambia, jamani, hata keki haivumilii hivyo."

Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu apewe mwiko na chekeche badala ya ufagio. Analipwa dola 34 kwa saa, na kitambulisho chake bado kimeandikwa "fundi msaidizi". Hata hivyo, hakuna mtu katika jengo hili anayethubutu kuingia kwenye udongo wake na viatu.

Mwezi Mei mwaka juzi, Magnolia alikuwa akikatiza uwanda uliodhaniwa kuwa mgumu. Gamba la juu likapasuka, magurudumu yake ya kushoto yakazama hadi nusu kwenye vumbi laini kama poda. Kila yalipozunguka yalizidi kuchimba, na chini ya tumbo lake kulikuwa na jiwe lililochongoka, vidole vinne tu kutoka chuma. Tumbo likikalia jiwe, magurudumu yananing'inia, na safari imekwisha.

Majira ya baridi ya Mirihi nayo yalikuwa yanabisha hodi. Ilibidi Magnolia afike kwenye mteremko unaotazama jua ndani ya wiki tisa, la sivyo betri zake zingeganda.

Aliyekuwa amepanga njia ya siku ile ni Ines Okuda, mhandisi wa miaka 27.

"Ni mimi niliyemzamisha," anasema Ines bila kuzunguka.

Zabel aliomba picha za nyayo za Magnolia zikuzwe, akazibandika ukutani. Alichanganya udongo mara kumi na moja, mpaka mfereji wa gurudumu la Bob ulipomomonyoka sawasawa na ule wa pichani. Bob akapunguziwa vyombo, kwa kuwa hapa duniani kila kitu ni kizito zaidi, akalazwa upande kama Magnolia, mwinamo ukipimwa kwa pima maji. Hata lile jiwe lilifinyangwa kwa saruji na kuwekwa mahali pake.

Majaribio ya siku nne yalishindwa. Asubuhi ya siku ya tano, Ines aligeuza magurudumu yote kuelekea upande wa juu, akamsukuma Bob mbele. Katika nusu saa Bob alikuwa nje. Kesho yake asubuhi akatoka tena. Ines akaipiga kengele ya baiskeli iliyofungwa mlangoni, ambayo kwa desturi ya banda hili hailii mpaka gari lijikwamue.

Mkuu wa madereva, Corwin Tadlock, akaagiza amri zitumwe Mirihi jioni hiyohiyo. Zabel akaingia na reki yake kusawazisha nyayo, akainama, akagusa udongo.

"Corwin, usitume."

"Zabel, si umemwona akitoka mara mbili kwa macho yako?"

"Mara mbili, na zote asubuhi. Ukungu umeingia kwenye udongo, umeushikanisha. Unga ulioachwa wazi alfajiri ya mwezi Mei haukandiki kama wa mchana, niulize mimi. Huko Magnolia aliko kuna ukungu gani?"

Ines akapandisha sauti. "Kwa hiyo tusimamishe kazi tusubiri vidole vya Zabel? Kipimo cha unyevu hicho hapo, kinasema hewa ni kavu!"

"Kipimo kiko ukutani, mwanangu. Udongo uko chini."

Corwin alikitazama kipimo, akaitazama hita iliyokuwa chini yake kabisa ikikipulizia hewa kavu, akajikuna kichwa. "Milango ifungwe," akasema. "Tunarudia saa tisa alasiri."

Saa tisa, udongo ukiwa umekauka, Bob alipewa amri zilezile za asubuhi. Magurudumu yalizunguka, vumbi likapanda, na dakika ya kumi na moja ikasikika sauti ya chuma kukalia jiwe. Ines alitoka nje, akaenda kulia chini ya mti wa mwaloni karibu na maegesho.

"Ningemuua," anasema sasa. "Tena ningemuua huku nikipiga kengele."

Zabel alimfuata na mkate. "Kula," alimwambia. "Kaka yangu alitolewa kifusini na watu waliokuwa wakikosea na kuanza upya. Waliokaa wakilia hawakumtoa mtu."

Udongo ule, tani mbili, ulihitaji kukaushwa kwelikweli. Zabel akampigia Hrant. Siku tatu mfululizo, tanuri za duka la mikate la Glendale zilioka udongo trei kwa trei kila kazi ya mikate ilipoisha. Hrant alinung'unika kwamba trei zake zimekuwa nyekundu na hazitakati tena, lakini kila mteja aliyeingia alisimuliwa kwamba hapa ndipo panapookwa Mirihi.

Kwenye udongo mkavu, kila ujanja ulishindwa isipokuwa mmoja: kurudi nyuma, gurudumu moja baada ya jingine, polepole mno. Gurudumu lilizunguka mwendo wa mita tano ili Bob asogee upana wa ukucha. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Wakatuma amri.

Picha zilirudi kesho yake. Magnolia alikuwa amesogea milimita nne.

"Milimita nne!" anasema Corwin, mtu mzima wa miaka thelathini kazini, akitikisa kichwa kama aliyeambiwa jana. "Nilikaa chini. Umeongea na chuma kilicho kwenye sayari nyingine, nacho kimejibu kwa unene wa njiti mbili za kiberiti."

Siku ya pili milimita tisa. Siku ya ishirini na tatu, gurudumu la mwisho lilikanyaga ardhi ngumu.

Ines aliweka picha mbili sambamba kwenye skrini, mfereji wa Magnolia na mfereji wa Bob. Kingo zilikuwa zimemomonyoka mahali palepale, na vidonge vya udongo vilibingirikia upande uleule. Watu kumi na wawili walisimama mbele ya picha zile, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema ipi ni dunia na ipi ni Mirihi. Kisha Ines akaona, kwenye kona ya picha moja, unyayo wa soksi.

Hakucheka. Alifungua kengele mlangoni, akaiweka kwenye kiganja cha Zabel. "Piga wewe, mama."

Magnolia alifika kwenye mteremko zikiwa zimesalia siku mbili, na anatembea hadi leo. Zabel anastaafu mwakani. Kila asubuhi Ines huvua viatu na kupiga magoti kando yake, akijifunza kusugua udongo karibu na sikio. Bado anakosea, na Zabel hamfichi.

Chombo cha kuleta udongo wa kweli kutoka Mirihi kinazungumzwa sana kwenye maabara hii, ingawa hakuna anayeweza kutaja mwaka. Zabel ameshatoa ombi lake.

"Miaka kumi na tisa nimefinyanga kitu ambacho sijawahi kukigusa," anasema, akijipangusa mikono kwenye aproni. "Wakikileta nikiwa hai, nataka vidole vitatu tu. Wakichelewa, Ines atanigusia. Yeye ataniambia kama nilipatia."

Anatazama saa. Ni saa nne kamili. Anachota tena, anapuliza, na safari hii kidole kinabaki kitupu.

"Haya," anaita, "mleteni Bob."